Mtoto aoge mara ngapi, na shuka zake zifuliwe lini? Jibu kwa mama wa Manyatta

Swali: "Naishi Manyatta hapa Kisumu na nina watoto watatu. Mkubwa ana miaka mitano, yuko PP2, yaani chekechea. Anayemfuata ana miaka miwili na nusu, na huyu mdogo ana wiki saba. Mama mkwe amekuja kunisaidia na ninamshukuru, lakini tunavutana kuhusu kuoga. Yeye anasema mtoto mchanga lazima aogeshwe kwa sabuni asubuhi na jioni, na hao wakubwa kila siku bila kukosa. Sasa ngozi ya mtoto imekauka na kubabuka mashavuni na miguuni. Mkubwa bado anakojoa kitandani karibu kila usiku, na analala godoro moja na mdogo wake. Maji nanunua kwa mtungi, na kuna wiki bomba la ploti linakauka siku tatu mfululizo. Jirani ameanza kusema watoto wangu ni wachafu. Nataka kujua ukweli: mtoto aoge mara ngapi, na shuka zifuliwe kila baada ya siku ngapi?"

Jibu:

Pole na kazi, mama, na hongera kwa mtoto. Mimi ni muuguzi, na miaka mingi nimekaa kwenye kliniki ya watoto. Swali lako naulizwa karibu kila wiki, mara nyingi kwa sauti ya chini, mama akiangalia mlangoni kama kuna anayesikia. Kwa hiyo nianze na hilo neno la jirani, maana naona limekuchoma. Mtoto anayeoshwa mikono, uso, makalio na miguu kila siku, kisha akalala pakavu, ametunzwa vizuri, hata kama mwili mzima haujaguswa na sabuni tangu juzi. Jirani anahesabu karai zinazoingia bafuni. Mimi nikimpokea mtoto kliniki naangalia shingo, kwapa, kinena, katikati ya vidole na nyuma ya masikio, na hapo ndipo ninapojua anaishi vipi.

Sasa huyu wa wiki saba. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko yako na mafuta yanayoilinda ni kidogo. Ukiipiga sabuni mara mbili kwa siku unayaondoa mafuta hayo kabla mwili haujapata nafasi ya kutengeneza mengine. Na maji yenyewe yakikaukia juu ya ngozi isiyopakwa kitu, huiacha kavu kuliko yalivyoikuta. Halafu kuna aina ya sabuni. Hukuniambia mnatumia ipi, lakini katika nyumba nyingi ninazozijua ni ile ya kipande, ndefu, inayokatwa dukani, hiyo hiyo ya nguo na sufuria. Ngozi ina uchachu kidogo kwa asili, na sabuni ya kufulia iko upande wa pili kabisa, upande wa magadi. Kwenye kola ya shati inafanya kazi nzuri. Kwenye shavu la mtoto wa wiki saba inaacha hicho unachokiona.

Hili nililijua kwa uchungu kwa mwanangu wa kwanza. Nilikuwa nimemaliza masomo ya uuguzi karibuni, na niliona aibu mtoto wa muuguzi anuke hata maziwa. Nikawa namwogesha asubuhi na jioni, na ndani ya maji natia kifuniko kizima cha dawa ya kuua viini. Kufika mwezi wa tatu, mikunjo ya viwiko vyake ilikuwa imepasuka na kutoa majimaji, na alikuwa analia nikimvalisha shati. Nilibadilisha mafuta mara nne. Siku moja muuguzi mkubwa tuliyekuwa naye wodini akamchukua, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza swali moja tu: unamwogesha na nini? Akaniambia niache sabuni na dawa kwa wiki mbili, nimwogeshe kwa maji matupu kila baada ya siku moja, na nimpake mafuta mara tatu kwa siku. Siku ya kumi mtoto alilala usiku kucha. Tangu hapo, mama akiniletea mtoto mwenye ngozi iliyopasuka, swali la yule mzee ndilo la kwanza kutoka mdomoni mwangu.

Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wanasema kuoga mara tatu kwa wiki kunatosha katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Hapa kwetu Kisumu kuna joto na mtoto anatoka jasho, kwa hiyo sipingi akimwagiwa maji kila siku, mradi yawe maji matupu, ya uvuguvugu, na isizidi dakika tano. Sabuni iwe mara mbili au tatu kwa wiki, sabuni laini isiyo na manukato mengi, na ipite pale panapochafuka tu: shingoni, kwapani, kinenani na makalioni. Kifua na mgongo wa mtoto ambaye bado hajatambaa havina uchafu wa kuhitaji sabuni. Mama aliye Molo au hata Nakuru mjini, ambako Julai asubuhi kuna baridi ya kweli, angoje saa sita mchana jua likipanda, na akiona leo ni baridi sana aruke siku bila wasiwasi wowote.

Siku ambazo haogi mwili mzima, mtoto ana ile watu wa bweni wanaita kuoga pasipoti, na ningependa tuache kuicheka, kwa sababu kwa mtoto mchanga ndiyo kazi yenyewe. Chukua bakuli la maji ya uvuguvugu, lita moja inatosha, na vitambaa viwili laini vya pamba, kimoja cha juu na kimoja cha chini. Anza na macho, kutoka upande wa pua kwenda nje, kila jicho na pembe yake ya kitambaa. Kisha uso, nyuma ya masikio, halafu shingo. Hapo shingoni usiwe na haraka. Weka kiganja chini ya mabega yake, kichwa kilegee nyuma kidogo, na ule mkunjo uliokuwa umejificha utafunguka. Mara nyingi utakuta mstari mweupe wa maziwa yaliyoganda, unanuka kama maziwa lala, na ngozi chini yake ni nyekundu. Mtoto anaweza kuwa ameogeshwa mara mbili siku hiyo na mstari huo ukawa bado upo, kwa kuwa maji yalipita juu ya mkunjo yakaenda zake. Futa, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, na umwache hivyo dakika mbili apate hewa. Fanya vivyo hivyo kwapani na ndani ya ngumi, maana ngumi za mtoto hukusanya nyuzi za blanketi. Mwisho kinena na makalio kwa kitambaa cha pili, na kwa msichana futa kutoka mbele kwenda nyuma siku zote.

Mafuta ni lazima. Mpake mara tu unapomkausha, ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, ndani ya dakika chache. Yale mazito yasiyo na harufu, kama Vaseline ya kawaida isiyo na manukato, yanatosha. Yenye harufu tamu na rangi ndiyo yanayowasha. Poda nayo iache, mtoto anaivuta hadi kwenye mapafu. Kama badala ya ukavu utaona vipele vidogo vyekundu shingoni na mgongoni, hiyo ni harara ya joto, na dawa yake ni kupunguza shali na kofia. Naona watoto wengi wa Kisumu wamefungwa kama wako kwenye baridi ya Limuru.

Mama mkwe wako usimwondoe kwenye kazi hii. Nyanya anayekaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu na kumlaza mtoto juu ya miguu yake, ana mkono thabiti kuliko wetu wengi, na mtoto anajisikia ameshikwa. Kumkanda mtoto kwa mafuta baada ya kuoga ni jambo jema pia, aendelee. Ningemwomba aache machache tu. Asikamue matiti ya mtoto yakiwa yamevimba. Huo uvimbe unatokana na homoni za mama na hupotea wenyewe, lakini ukikamuliwa unaweza kuwa jipu. Asivute ngozi ya mbele ya uume wa mvulana ili aoshe ndani, na asiingize kitu sikioni. Na katika karai maji baridi yatangulie, moto uongezwe baadaye, kisha ajaribu kwa kiwiko. Watoto wameungua kwa sababu moto ulitangulia na baridi ikasahaulika mtu alipoitwa mlangoni. Akiitwa, aende na mtoto mkononi. Maji ya kimo cha kidole yanatosha kumzamisha mtoto wa umri huu, na pia huyo wa miaka miwili na nusu anayechungulia ndoo.

Kwa kuwa pengine utazaa tena, au dada yako atazaa: Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka zimepita angalau saa 24 baada ya kuzaliwa. Ule utando mweupe anaozaliwa nao unamlinda, na kumwogesha mapema kunampoza mwili. Aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 angojwe zaidi na afutwe tu hadi muuguzi aseme yuko tayari.

Tuje kwa hao wakubwa. Hapa namba haipo kwenye kalenda, iko kwenye siku yenyewe walivyoicheza. Madaktari wa ngozi wa Marekani wanasema mtoto wa kuanzia miaka sita hadi kumi na mmoja anaweza kuoga mwili mzima mara moja au mbili kwa wiki, na zaidi akichafuka, akitoka jasho au akiogelea. Watoto wa Manyatta wanachafuka na kutoka jasho kila siku, kwa hiyo mama mkwe akisema waoge kila jioni, kwa hali ya hewa yetu hajakosea. Alichokosea ni kusema bila kukosa. Jioni ambayo maji hayapo, waoshe uso, mikono, makalio na miguu hadi magotini kwa lita mbili tatu kila mmoja, na walale. Hakuna ugonjwa utakaoingia kwa sababu mgongo haukuguswa.

Mikono iko kwenye kundi lake peke yake. Kuhara, minyoo na macho mekundu huingia kwa mikono, na kuosha mikono kwa sabuni hupunguza kuhara kwa karibu asilimia 30. Kama nikikupa kipande kimoja tu cha sabuni kwa wiki nzima, ningekuambia kitumie chote mikononi, baada ya choo na kabla ya chakula, kabla hujapaka mwili. Hapa hata ile sabuni ya kipande inafaa. Miguu nayo ioshwe kila jioni na ikaushwe katikati ya vidole, hasa mkienda ushago kwenye nyumba ya sakafu ya udongo. Kule Vihiga na Kakamega nimeona funza wanaingia kwenye vidole vya mtoto mgeni ndani ya wiki moja ya likizo. Nywele mara moja kwa wiki zinatosha. Ukiona mapunye kichwani, usiongeze sabuni wala usipake krimu ya dukani. Mapunye ya kichwa yanaishi ndani ya shina la unywele na huhitaji dawa ya kumeza kutoka kliniki.

Na mkubwa, kwa sababu anaamka na mkojo mwilini, aoshwe asubuhi kabla ya kuvaa sare: makalio, kinena na mapaja, lita mbili za maji, sabuni kidogo. Huu ni mwosho mmoja ambao kwake hauahirishwi. Mkojo ukikaukia kwenye ngozi unawasha na kuleta vidonda, na darasani wenzake watausikia kabla ya mwalimu. Kama maji yanatosha kuoga mara moja tu kwa siku, yeye aoge asubuhi na jioni afutwe miguu.

Nataka nikae kidogo kwenye kitanda, kwa sababu hapo ndipo naona watoto wanaumia.

Niliwahi kupita kwenye ploti moja asubuhi nikielekea kumwona mama aliyejifungua. Godoro la sponji lilikuwa limeanikwa juu ya ua, na kando yake amesimamishwa mvulana wa kama miaka sita, na shuka yake begani, ili kila anayekwenda bombani amwone. Alikuwa anachora mstari mchangani kwa kidole gumba cha mguu, mbele na nyuma, hainui kichwa. Mama yake hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka kufua, na aliambiwa aibu ndiyo dawa. Mama, aibu haifungi kibofu. Katika watoto wa miaka mitano, karibu 15 kati ya 100 bado wanakojoa usiku. Wengi wao wako hivyo kwa sababu usingizi wao ni mzito na kibofu hakijajifunza kuwaamsha, na mara nyingi jambo hili linatembea kwenye ukoo. Muulize mama mkwe kwa upole baba wa watoto alikauka akiwa na miaka mingapi. Huenda jibu lake likamaliza ubishi wote nyumbani.

Mpe maji ya kutosha mchana, punguza kuanzia saa moja jioni, aende choo kabla ya kulala. Kama choo chake kikubwa ni kigumu, shughulikia hilo, kwa sababu tumbo lililojaa linakibana kibofu. Umlete kliniki kama alikuwa amekauka miezi sita au zaidi kisha ameanza tena, kama anaumia akikojoa, au kama anakunywa maji kupita kawaida na kukonda.

Sasa kufua. Shuka nzima inakula mtungi mmoja, kufua na kusuuza. Ukifua kila siku ya pili utachoka na pesa zitaisha, na bado siku ya katikati mtoto atalala kwenye mkojo wa jana. Kwa hiyo tandika kwa tabaka. Juu ya godoro weka ile plastiki nzito ya kufunikia meza inayouzwa kwa mita, ikunjwe ndani chini ya godoro pande zote na kuvutwa ikaze. Wodini tunaiita makintoshi. Juu yake shuka. Juu ya shuka, pale kiuno chake kinapofika, kunja leso ya zamani mara nne na uiweke kwa upana, kama mkanda. Asubuhi unaondoa leso tu. Isuuze palepale kwa lita tano za maji kabla mkojo haujakauka, ikamue, ianike. Uwe na leso tatu za kupokezana. Shuka ikibaki kavu inangoja siku yake ya wiki. Plastiki ifute kwa kitambaa chenye sabuni. Lakini plastiki hii isiwe karibu na mtoto mchanga kabisa, inaweza kumziba pumzi.

Huyo wa miaka miwili na nusu apewe nafasi yake. Kama godoro ni moja, alale upande wa ukutani na mwingine upande wa nje, na kila mmoja na blanketi lake hata kama ni dogo. Kulala kwenye unyevu wa mwenzake kunamletea vipele, na kugawana blanketi ni njia mojawapo ya upele, nitafika hapo.

Kwa watoto wasiokojoa kitandani, shuka na foronya mara moja kwa wiki. Maji yakiwa shida, wiki mbili zinavumilika ikiwa wanapanda kitandani na miguu safi. Lililomwagikiwa mkojo, matapishi au kuhara lifuliwe siku hiyo hiyo. Blanketi mara moja kwa mwezi. Kitambaa anacholalia mtoto mchanga, pale shavu linapogusa, kila baada ya siku mbili au tatu, na kisuuzwe mpaka maji yawe meupe, kwa sababu sabuni iliyobaki kwenye uzi itamaliza kazi iliyoanzwa na ile ya kuogea. Nguo na shuka za mitumba ukizinunua soko la Kibuye, zifue kabla hazijagusa mtoto, hata kama zinaonekana mpya.

Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, usimwage kwenye nguo iliyolowa mkojo. Vikikutana hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Suuza mkojo kwanza, na kwa matumizi ya kila siku sabuni na jua vinatosha. Jua la Kisumu tumepewa bure na ni kali, liamini. Godoro litoke mara moja kwa wiki, tuseme Jumamosi asubuhi, lisimame kwa ubavu ili hewa ipite, ligeuzwe saa sita, na liingie ndani kabla ya mawingu ya alasiri. Kama lina harufu, pangusa doa kwa siki na maji kwa kipimo sawa, kisha jua. Tafuta mahali pa kulianika ambapo si mbele ya ploti yote.

Kuhusu upele. Mtoto akianza kujikuna usiku, na ukaona vipele katikati ya vidole, kwenye viganja vya mikono, kiunoni au makalioni, usimwogeshe zaidi ukidhani ni uchafu. Upele unatokana na mdudu mdogo anayechimba ndani ya ngozi, na anaingia nyumba ya tajiri kama ya maskini. Kuoga hakumfikii. Inatakiwa dawa ya kupaka, na jambo ambalo familia nyingi hukosea ni kumpaka yule anayejikuna peke yake. Wote wanaolala nyumba hiyo wapake siku moja, baba na mama mkwe wakiwemo, kisha warudie baada ya wiki moja kama mtakavyoelekezwa. Mtoto mchanga kama wako asipakwe dawa uliyonunua mwenyewe dukani, mlete tumpe inayofaa umri wake. Siku hiyo hiyo, nguo na matandiko yaliyotumika siku tatu zilizopita yaloweshwe kwenye maji ya moto, yafuliwe na kuanikwa juani. Yasiyofulika yafungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja, kwa kuwa mdudu huyo akikosa mwili wa mtu hufa ndani ya siku chache. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata baada ya kupona, usiongeze dawa kwa hofu.

Neti nayo ni tandiko, na wengi huisahau au huifua kupita kiasi. Huku kwetu kando ya ziwa malaria haina msimu wa kupumzika. Neti yenye dawa ifuliwe ikichafuka tu, kila baada ya miezi mitatu hivi, kwa maji baridi na sabuni laini, bila Jik, bila kusuguliwa kwa brashi, na ianikwe kivulini. Jua kali linaharibu dawa iliyomo. Hii ndiyo nguo pekee ya kitandani nisiyotaka ione jua.

Na bomba likikauka, nakusihi usiwapeleke watoto kuoga ziwani. Najua Dunga si mbali na najua watoto wanapenda. Lakini kwenye maji ya kando kuna konokono wanaotoa vijidudu vya kichocho, na vinapenya hata ngozi isiyo na jeraha ndani ya dakika chache bila mtoto kuhisi kitu. Kama hakuna njia ila kuchota maji ya ziwa, yachuje kwa kitambaa kizito na uyaache kwenye chombo chenye mfuniko siku mbili kamili kabla ya kuogea, au yachemshe. Vijidudu hivyo haviishi muda huo.

Kwa siku tatu za ukame wa bomba, hivi ndivyo ningegawa mitungi miwili kwa siku, yaani lita 40, ukiacha ya kunywa na kupika. Lita moja asubuhi na moja jioni kwa mtoto mchanga. Lita mbili asubuhi kwa mkubwa. Lita mbili tatu jioni kwa kila mmoja wa hao wawili. Lita tano kwa leso ya mkojo, na lita nane hivi kwa nepi za mtoto kama mnatumia za kitambaa. Lita tano ziwekwe kwenye kidumu chenye bomba au tundu karibu na choo, za mikono peke yake, asiziguse mtu kwa kazi nyingine. Zitabaki kama lita kumi na mbili za wewe na mama mkwe, na wewe uliyejifungua juzi una haki ya kuoga kuliko mtu yeyote kwenye nyumba hiyo. Maji uliyosuuzia leso ya mwisho yamwage chooni. Shuka zingoje bomba.

Kuhusu mashavu ya mtoto, anza leo na maji matupu na mafuta, na umpe siku kumi. Mlete mapema kama ngozi inatoa majimaji, inaweka ukoko wa manjano au ina vipele vyenye usaha. Na kwa kuwa bado hajafikisha miezi miwili, akipata joto la mwili, akikataa kunyonya au akilegea, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Ikiwa yote ni shwari, tutaonana mtakapokuja kwa chanjo ya wiki ya 10. Siku hiyo mvue nguo zote mbele ya muuguzi, hata kama foleni ni ndefu, na umwombe aangalie mikunjo yote pamoja nawe. Mama mkwe naye aje, nina maswali yangu ya kumuuliza kuhusu huo mkando wake.